Barua ya wazi kwa waandishi wa Star Trek: mnaziba matundu yasiyovuja

Kwa waandishi, watayarishaji na wote mnaoishika mikononi Star Trek, ile hadithi ndefu ya televisheni na filamu kuhusu wasafiri wa anga za mbali,

Salamu kwenu. Mimi si mwenzenu wa kazi. Sijawahi kuandika mswada wa televisheni wala kusimama nyuma ya kamera. Ni mtazamaji tu, wa muda mrefu, na nyumbani nimekuwa yule anayegeukiwa kila kipindi kinapoisha: "Sasa mbona juzi walisema vingine?" Kwa hiyo nimekuwa wakili wenu bila malipo. Nimewatetea kwa hoja nzuri, nimewatetea kwa hoja mbovu, na siku nyingine nimewatetea kwa kuinuka kwenda kunywa maji hadi swali lisahaulike.

Siku hizi naona na nyinyi mmeanza kujitetea. Vipindi vyenu vipya vinatumia muda mwingi kueleza makosa ya vile vya zamani. Hapo ndipo niliposhika kalamu, kwa sababu mnahangaika na matundu yasiyovuja, na yale yanayovuja mmeyaacha wazi.

Tundu lisilovuja likoje? Tazameni kaburi la Kirk, nahodha wa chombo cha anga Enterprise katika mfululizo wa kwanza. Katika kipindi cha "Where No Man Has Gone Before", mwaka 1966, Gary Mitchell anapata nguvu zinazomfanya ajione mungu. Anamgeuka nahodha wake, mtu anayemjua tangu chuoni, anamchimbia kaburi na kumsimamishia jiwe kwa nguvu ya akili tu. Mara ya kwanza nilipoisimamisha picha hapo nilisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Herufi zimechongwa vizuri, hazihitaji kubahatisha: JAMES R. KIRK. R, si T. Chini yake kuna tarehe za nyota, hesabu ya siku iliyobuniwa na hadithi hii, 1277.1 hadi 1313.7. Baadaye mtu huyohuyo akawa James T. Kirk, katuni ya miaka ya 1970 ikatuambia kwamba T ni Tiberius, na R ile ikabaki pale kwenye jiwe bila mwenyewe.

Mashabiki wamelitafutia dawa kosa hili kwa miaka. Wengine wanasema Mitchell alikuwa anatania. Wengine wanasema ulikuwa ulimwengu mwingine, sambamba na huu. Mpwa wangu alipoliona aliniuliza kama fundi mawe alikosea, nikamkumbusha kwamba hapakuwa na fundi, jiwe limetengenezwa na mtu aliyejiona mungu. "Basi, Mjomba, hata miungu hukosea herufi," akasema, na tukaendelea kutazama. Hakuna kilichoharibika. Ukweli ni kwamba siku zile hadithi ilikuwa bado inajitafuta. Katika kipindi hichohicho Spock, msaidizi wa Kirk kutoka sayari nyingine, anasema mmoja wa mababu zake alioa mwanadamu. Mwaka uliofuata akaletwa mama yake mzazi, mwanadamu mzima, amesimama kando ya mumewe. Hata karne hamkutaka kuitaja. Tarehe za nyota ziliwekwa makusudi ili msibanwe, na matokeo yake "Space Seed" inakupa hesabu ya karne mbili kutoka miaka ya 1990, wakati "The Squire of Gothos" inakusukuma mbele zaidi ya hapo. Ilibidi tungoje hadi 1988 ndipo Data, mtu wa mashine wa mfululizo wa baadaye, aseme waziwazi, katika "The Neutral Zone", kwamba mwaka ni 2364.

Mtoa hadithi anapoita na sisi tukaitika "uongo njoo, utamu kolea", tumeshatia saini. Tumekubali kudanganywa. Mtu aliyeitika hivyo hawezi kurudi kesho kudai herufi moja ya jina.

Kuna na makosa ya pesa, na haya ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Ile transpota yenu, inayomyeyusha mtu hapa na kumkusanya kule, haikuzaliwa kwa ajili ya sayansi. Ilizaliwa kwa sababu kukitua chombo kizima cha anga kwenye sayari mpya kila wiki kungekula bajeti yote. Dhiki ndiyo iliyowapa kifaa maarufu kuliko vyote katika bunilizi za kisayansi. Wiki chache tu baada ya kuanza kurushwa, Oktoba 1966, dhiki hiyohiyo ikaacha tundu ambalo mpaka leo linapitisha upepo.

Ni katika "The Enemy Within". Transpota imeharibika. Imemgawa Kirk vipande viwili, mmoja mpole asiyeweza kuamua neno, mwingine mkali asiyejizuia, na imemgawa vilevile mnyama mmoja wa sayari ile, ambaye ukitazama vizuri ni mbwa aliyevishwa manyoya na pembe. Lakini mimi macho yangu huwa kwa Sulu, rubani wa Enterprise. Yuko chini kwenye sayari na wenzake, usiku unaingia, baridi inaelekea nyuzi 120 chini ya sifuri. Amejifunika kitambaa chembamba. Anayapiga mawe kwa bunduki ya mwanga hadi yawe mekundu, kisha anayaotea kama mtu anayeota moto wa kuni. Midomo imeota barafu. Wameshushiwa mashine za joto, zikafika zimegawanyika na hazifanyi kazi. Bado ana moyo wa kuuliza kwa mzaha kama huko juu hakuna kamba ndefu ya kuwashushia birika la kahawa.

Kila anayetazama leo anapiga kelele: tumeni chombo kidogo mkamchukue! Chombo kidogo hakikuwepo. Hakikuwepo kwenye hadithi kwa sababu hakikuwepo studioni; kilikuwa bado hakijajengwa. Galileo tuliiona mara ya kwanza Januari 1967. Miezi mitatu tu, na Sulu angerudi juu amekaa kitini. Hili ni tundu la hadithi, silikatai, lakini kila nikilipita naliona kama alama ya kidole cha mfinyanzi kwenye chungu. Naombeni sana msije mkatengeneza kipindi cha kueleza kwamba siku ile vyombo vidogo vyote vilikuwa gereji.

Nasema hivyo kwa sababu mmeshafanya jambo la namna hiyo. Waklingoni, lile taifa la kivita kutoka sayari nyingine.

Wale wa enzi za Kirk walikuwa na paji laini kama langu, rangi ya kupakwa, nyusi na ndevu basi. Filamu ya 1979 ikaja na pesa na mafundi wa vipodozi, na Mklingoni akatokea ana matuta kuanzia puani hadi utosini. Hakuna aliyeeleza, na hapakuwa na haja. Tulielewa kwamba hivi ndivyo walivyokuwa siku zote, ila zamani hatukuwa na uwezo wa kuwaona. Kisha mwaka 1996, katika "Trials and Tribble-ations", watu wa Deep Space Nine, mfululizo wenu mwingine, wanarudi nyuma hadi enzi za Kirk na kuketi ukumbi mmoja na Waklingoni wa zamani. Wanawatazama. Wanageuka kumtazama Worf, mwenzao Mklingoni, mwenye matuta yake. Mmoja anabahatisha: ni mambo ya jeni? Mwingine: virusi viliwabadilisha? Worf anajibu, uso hausogei, kwamba ni wao kweli, ni hadithi ndefu, na jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje.

Nilicheka hadi nikalirudisha mara tatu. Ndani ya jibu lile mna kila kitu: mmekiri kosa, mmemjenga Worf, mmetuambia kwamba taifa zima lina aibu yake, na hamkupoteza hata dakika moja. Kazi ilikuwa imekwisha.

Miaka tisa baadaye mkaifungua tena. Vipindi viwili vizima vya mfululizo wa Enterprise, "Affliction" na "Divergence", mwaka 2005, vinaeleza kwamba Waklingoni walichezea jeni za wanadamu walioboreshwa, zikazaa virusi, virusi vikayafuta matuta. Yaani ubahatishaji wa kimzaha wa wale wawili ukumbini, jeni na virusi, mmeuchukua wote kama ulivyo na kuuandika kuwa historia. Sikatai kwamba vimeandikwa kwa ustadi. Lakini wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyinyi ufa ulikuwa umeshazibwa na Worf kwa sentensi moja, mkajenga ukuta juu yake hata hivyo. Ukuta nao ukaleta ufa wake. Makamanda wa Kiklingoni Kor, Kang na Koloth walikuwa na paji laini mbele ya Kirk, na "Blood Oath" ya 1994 inawaonyesha wazee wenye matuta. Kabla ya maelezo yenu hilo halikuwa swali. Baada ya maelezo, sasa inabidi niamini kwamba kila mmoja wao alipita mahali akatengenezwa paji upya.

Linganisheni na Walter Koenig. Katika filamu ya 1982 Khan, adui wa zamani wa Kirk, anamwona Chekov, mmoja wa maafisa wa Kirk, na kumtambua palepale, anasema yeye huwa hasahau sura. Tatizo ni kwamba Khan alikutana na watu wa Enterprise katika "Space Seed", Februari 1967, na Chekov hakuonekana hata mara moja hadi msimu wa pili ulipoanza Septemba. Koenig mwenyewe, aliyemcheza Chekov, alikuwa na jibu lake kwa mashabiki: Chekov alikuwemo chomboni siku zile, ila alikaa chooni muda mrefu, na aliyekuwa nje ya mlango amebanwa haja ni Khan. Angesahauje sura ile? Hakuna kamati ya waandishi itakayotoa maelezo bora kuliko hayo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Scotty, fundi mkuu wa Kirk, simtaji kwa undani, maana naye ni wa kufunikiwa kombe. Katika "Relics" ya 1992 anatolewa kwenye transpota alimojihifadhi miaka 75, anasikia jina Enterprise, na mara moja anafikiri Jim Kirk amekuja kumtafuta. Miaka miwili baadaye filamu ikatuonyesha kwamba Scotty alikuwepo siku Kirk aliponyakuliwa na kudhaniwa amekufa. Ronald D. Moore aliandika "Relics" na akashiriki kuandika ile filamu, kwa hiyo sitasema hakujua. Nimoy na Kelley, waliocheza Spock na daktari McCoy, walikataa kurudi, maneno yao yakagawiwa waliokubali. Mzee aliyekaa kwenye mashine miaka 75 na kuamka amesahau kifo cha rafiki yake, mimi naliamini hilo bila kusukumwa.

Sasa nije kwenye yanayovuja.

Mwaka 1989, katika "Unnatural Selection", daktari Pulaski anapatwa na ugonjwa wa kuzeeka kwa kasi. Anakunjamana, anatetemeka, anakaribia kufa. Wanatafuta unywele wake kwenye kitana, wanachukua jeni zilizomo, wanampitisha kwenye transpota, anatoka upande wa pili alivyokuwa kabla ya kuugua. Makofi, kipindi kimekwisha. Mwaka 1992 katika "Rascals" transpota inawageuza watu wanne kuwa watoto wenye akili za watu wazima, halafu inawarudisha. Mwaka 1993 tunaambiwa mashine hiyohiyo iliwahi kumtoa afisa Riker wawili, wote wa kweli. Na Scotty kama nilivyosema ameishi humo miaka 75 bila hata mvi kuongezeka.

Zijumlisheni. Ni watu ambao wameshinda uzee, wameshinda ugonjwa, na wanaweza kumnakili mtu. Na wiki inayofuata daktari anasimama juu ya kitanda cha mgonjwa, anatikisa kichwa, anasema hakuna la kufanya. Mpwa wangu, ambaye wakati huo hata hesabu za kugawanya zilikuwa zinamsumbua, akauliza: "Si wampitishe kwenye ile mashine?" Nikafungua kinywa. Nikainuka kwenda kunywa maji.

Mnaona tofauti? Herufi R haimwumizi mtu. Lakini dawa iliyowahi kufanya kazi, kisha ikasahauliwa, inaniharibia kila kitanda cha mgonjwa kinachofuata. Silii tena, nabaki kujiuliza kwa nini hawaitumii. Filamu ya 2013 ilifanya hivyo mara mbili ndani ya saa mbili: mtu anajirusha kutoka Duniani hadi sayari ya Waklingoni bila chombo chochote, na damu yake inamfufua aliyekufa. Kwa hiyo vyombo vya anga vya nini? Na msiba wa nini? Filamu iliyofuata haikugusa hata moja kati ya hayo.

Voyager, mfululizo wenu mwingine, ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa iliahidi mapema na ikaahidi vizuri. Chombo kimoja, miaka 70,000 ya mwanga kutoka nyumbani, safari ya miaka 75, hakuna bandari, hakuna fundi. Katika "The Cloud", 1995, tunaambiwa hesabu ya makombora ya fotoni yaliyobaki: 38. Nahodha Janeway anaongeza kwamba yakiisha hawana njia ya kupata mengine. Mgongo ulinisisimka. Nilichukua karatasi, nikachora mistari, kila kombora likirushwa nafuta mmoja. Karatasi iliisha na misimu ikabaki. Na chombo chenyewe, wiki hii kimetobolewa pande zote, wiki ijayo kinang'aa kama kimetoka kiwandani. Hakuna aliyewalazimisha kutaja 38. Mngekaa kimya ningedhani wanayatengeneza humohumo ndani. Mkishatupa namba mmetupa daftari, na mwenye daftari atahesabu.

Kuhusu kipindi cha "Threshold", ambapo wawili wanaivuka kasi isiyovukika, wanakuwa mahali pote kwa wakati mmoja, kisha wanageuka viumbe mfano wa salamanda na kuzaa watoto wanaoachwa matopeni, naona tumeshaelewana kimyakimya. Sitakitaja tena.

Ninachoomba si maelezo ya baadaye. Ninaomba gharama ilipwe palepale. Mkimpa mtu kifaa cha kufuta uzee, basi ndani ya kipindi hichohicho kifaa kidai kitu: kimfutie kumbukumbu za miaka ile aliyorudishwa nyuma, au kifanye kazi mara moja tu kwa mwili mmoja. Sentensi mbili zingetosha, tena zingeongeza machungu kwenye hadithi. Katika mfululizo wa Discovery mlikaribia. Mlituletea mwaka 2017 chombo kinachoruka popote papo hapo kupitia mtandao wa kuvu, mkakiweka miaka kumi kabla ya Kirk, kila mtu akauliza: mbona Kirk hakuwahi kukisikia? Mwisho wa msimu wa pili, mwaka 2019, Spock anapendekeza kwamba wote wakatazwe kukitaja, na kukitaja kuwe uhaini. Hiyo amri ni ukuta mwingine, nisiwafiche. Lakini safari hii mlilipa. Chombo na watu wake mliwatupa mbele zaidi ya miaka 900, wakaacha nyuma kila waliyempenda, na hadithi ikalazimika kuanza upya mahali ambapo hakuna historia ya kugongana nayo. Ukuta ule niliukubali kwa kuwa niliona mtu akiagana na mama yake mbele yake.

Na hapo nafika kwenye tundu ambalo sijaliona kwenye orodha yoyote ya makosa, ila ndilo lililonifanya niandike. Mashabiki tunahesabu makombora, tunasoma makaburi, tunapima mapaji. Ni wachache wanaohesabu majonzi.

Mwaka 1990 nahodha Picard anatekwa na Borg, viumbe nusu mashine, anatiwa vyuma mwilini, anatumiwa kuua watu wake. Wanamwokoa. Kipindi kinachofuata, "Family", hakina vita wala adui. Anakwenda kwa kaka yake, kwenye mizabibu, wanagombana, wanaanguka matopeni wote wawili, na nahodha analia kwa sauti kwamba alipaswa kuwa na nguvu za kuwazuia. Hilo kwangu ndilo somo kuu la mwendelezo katika kazi yenu yote. Hamkukumbuka cheo wala tarehe. Mlikumbuka kwamba mtu aliumizwa juzi.

Halafu kuna "Hard Time", 1996. O'Brien, fundi wa Deep Space Nine, anawekewa kichwani kumbukumbu za miaka 20 ya kifungo, kwa saa chache tu. Anarudi nyumbani anaficha chakula, analala sakafuni, anamfokea binti yake, na ndani ya kumbukumbu zile amemwua mwenzake wa seli kwa ajili ya mabaki ya chakula. Mwisho anajielekezea silaha, na rafiki yake Bashir anasimama naye pale ghalani akizungumza naye taratibu hadi anaishusha. Ni moja ya kazi nzito mlizowahi kufanya. Baada ya hapo maisha yanaendelea kama kawaida, mizaha yake na Bashir imerudi pale pale. Miaka 20 imeyeyuka.

Najua sababu. Enzi zile vipindi viliuzwa kwa vituo vingi, vikarudiwa kwa mpangilio wowote, na mtu aliyefungua televisheni katikati ya msimu alitakiwa aelewe. Kila kipindi kilipaswa kurudisha vitu mahali pake kabla ya kuondoka. Leo tunatazama kwa mfuatano, vinne kwa usiku mmoja, na jeraha la saa mbili limepona saa tatu. Kilichokuwa busara ya soko kimegeuka kuwa ukatili mdogo.

Ule usiku niliotazama "Deadlock" na mpwa wangu ndipo nilipoelewa. Ni Voyager tena, 1996. Chombo kinajigawa kuwa viwili, watu wote wawili wawili. Kwenye kile kilichoharibika, ukuta unapasuka, afisa kijana Harry Kim anateleza, anashikilia, anavutwa nje angani. Amekufa. Mtoto mchanga naye amekufa. Kisha kile kingine, ambacho hakikuharibika, kinajilipua, na kabla hakijalipuka Harry wa pili anavuka, amembeba mtoto mchanga aliye hai mikononi. Anafika kwenye chombo chake kipya, anasema kwamba mambo haya ni ya ajabu kidogo, nahodha anamwambia ajabu ni sehemu ya kazi. Muziki, majina.

Mpwa wangu hakusema kitu hadi majina yalipokwisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu si Harry, Mjomba?"

Nikamwambia ni Harry, ila wa upande mwingine. Akauliza wenzake wanajua. Nikasema wanajua. Akauliza mbona hawakumlilia yule wa kwanza.

Harry huyo wa pili aliishi nasi misimu mitano zaidi. Hakuna aliyewahi kukaa naye mezani akamtazama sekunde moja zaidi ya kawaida. Hakupandishwa hata cheo kimoja katika miaka yote saba, jambo ambalo mashabiki tumelifanyia mzaha kupita kiasi. Na katika msimu wa mwisho, chombo kinapopata njia ya kuzungumza na Dunia, wazazi wake wanatokea kwenye skrini. Mama anamtazama kwa furaha, halafu anaanza kulalamika kuhusu hicho cheo, anataka hata kumwandikia nahodha barua. Kijana anaona haya. Ni tukio la kuchekesha, na tukacheka, isipokuwa mmoja wetu.

Mnaendelea kurudisha watu wa zamani, mnawapa vipindi vipya, mnawapa nywele nyeupe na vyeo vikubwa. Siwaombi mtueleze herufi R wala mapaji ya Kor na Kang. Siwaombi mniambie makombora yale yalitoka wapi. Mkipata nafasi, hata dakika mbili katikati ya mambo mengine, mleteni mtu amwambie yule mama kwamba mwanawe wa kwanza alitupwa angani, na kwamba huyu anayezungumza naye anamkumbuka tangu utotoni vilevile, kila kitu, na anampenda.

Ni mimi, wakili wenu asiyelipwa.